Kupima Matumizi ya Nyumba: Kati ya Israfu na Ubakhili

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Nyumba nyingi za Waislamu katika mwambao huu, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Pemba, haziangushwi na msiba mmoja mkubwa. Huangushwa na matumizi madogo madogo ya kila siku, yasiyoandikwa wala kuhisabiwa. Mwenye nyumba akiulizwa pato lake ni kiasi gani, hujibu mara moja. Akiulizwa limekwenda wapi, hunyamaza. Somo hili ni la kubainisha, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, lipi katika matumizi lapasa kupunguzwa, lipi haramu kupunguzwa, na ni nani apasaye kuanza.

I. MAANA YA ISRAFU NA UBAKHILI

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kwamba watoapo mali hawapiti mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali hushika njia ya katikati. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 27, amewahisabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Kisha, aya mbili mbele yake, akakataza mkono usifungwe shingoni wala usikunjuliwe wote, kwa kuwa mwisho wa mambo yote mawili ni lawama na majuto.

Basi yapo hapa maneno matatu, na kila moja lina maana yake. Israfu ni kupita kiasi katika jambo ambalo asili yake ni halali, kama chakula na mavazi. Tabdhiri ni kuitia mali mahali pasipostahili kabisa. Ubakhili ni kuzuia kilicho wajibu kutolewa. Wala mtu asidhani kwamba akiwa na aibu moja ameepukana na nyingine. Wako watu walio na israfu na ubakhili katika siku moja: israfu barazani, ubakhili jikoni. Na hii ndiyo maradhi iliyoenea, na kwa ajili yake yasemwa yanayofuata.

II. HAKI ZISIZOPUNGUZWA

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Minhaj kwamba nafaka ya mke kwa kila siku ni mudi mbili za chakula cha nchi kwa mume tajiri, mudi moja kwa maskini, na mudi moja na nusu kwa mtu wa kati. Mudi ni robo ya sa'; nao watu wa pwani hupima sa' kwa pishi, na mudi kwa kibaba. Juu ya hayo yampasa mume kutoa kitoweo, mavazi na makao, kwa kadiri ya desturi ya mahali na uwezo wake. Na asili ya kadiri hiyo ni katika Sura ya At-Talaq, aya ya 7, ilipoamriwa kila mtu atoe kwa wasaa wake.

Tena katika madhehebu haya, nafaka ya mke isiyotolewa haifi kwa kupita siku. Huwa deni shingoni mwa mume, kama deni lolote la watu. Na Hind binti Utba alipomshitakia Bwana Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, hampi wa kumtosha, alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim.

Kwa hivyo, mtu arudiye nyumbani akasema, "Tangu leo tutapunguza matumizi," kisha akapunguza unga, mafuta na maziwa ya watoto, huku mfuko wake mwenyewe haukuguswa, huyo hakufanya uchumi. Amechukua haki ya mwenziwe akaipa jina zuri.

III. HATA SADAKA INA MPAKA

Watu wengi hustaajabu wasikiapo mas'ala haya, walakini ndiyo yaliyomo katika vitabu vya fikihi visomwavyo misikitini. Katika Minhaj hiyo hiyo imetajwa kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni uharamu wa mtu kutoa sadaka kwa kitu anachokihitajia kwa nafaka ya wale walio juu yake, au kwa deni asilokuwa na tamaa ya kulilipa kwa njia nyingine.

Na azingatie mwenye akili. Sadaka ni ibada, nayo huzima ghadhabu ya Mola. Hata hivyo huzuiliwa ikila haki za watu. Basi itakuwaje hukumu ya karamu ya fakhari, au simu mpya ya kuonyeshea marafiki, au malipo ya kila mwezi ya kutazamia mpira, nazo zatolewa na mtu ambaye ada ya mwanawe haijalipwa na daftari la duka limejaa jina lake? Ikiwa mlango wa kheri umefungwa mbele ya haki hizo, mlango wa mchezo haufunguki.

IV. DENI NA DAFTARI LA DUKA

Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa katika sala akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na dhambi na deni. Alipoulizwa sababu ya kujikinga sana na deni, alieleza kwamba mtu akiwa na deni husema akadanganya, na huahidi akavunja ahadi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.).

Ukweli wa maneno hayo waonekana katika kila mtaa. Mtu mwema, mwenye haya, huanza kukopa sukari na mchele kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili humtuma mtoto dukani ili asionekane yeye. Mwezi wa tatu hubadilisha njia ya kwendea msikitini asipite mbele ya duka, na mwenye duka akibisha hodi, mtoto hufundishwa kusema baba hayuko. Hapo khasara si ya fedha tena. Baba amemsomesha mwanawe uwongo kwa mlango wake mwenyewe, naye kesho atampeleka chuoni akafundishwe ukweli.

Historia ya Unguja nayo ina mafunzo. Bei ya karafuu iliposhuka baada ya mwaka 1929, wengi wa wenye mashamba walikuwa wamekwisha kukopa kwa kutegemea mavuno yajayo. Wengine kwa kulipia palizi na uchumaji, wengine kwa karamu. Madeni yakazidi hata mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuzuia mashamba yasizidi kutoka mikononi mwa wenyewe. Sababu zilikuwa nyingi, na si zote zilikuwa makosa ya wakopaji. Lakini aliyetumia kwa kadiri ya alichonacho alisimama, na aliyetumia kwa kadiri ya alichokitarajia alianguka na shamba la babu yake.

V. KHABARI YA TELEVISHENI

Hapa hapaelezwi hukumu ya kila kinachoonyeshwa. Kilicho haramu kutazamwa njiani ni haramu kutazamwa sebuleni, na kilicho halali ni halali. Lililokusudiwa ni gharama yake.

Kwanza, ijulikane kwamba si katika mambo ya dharura. Nchini Kenya televisheni ilianza mwaka 1962, na Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Vizazi vingi vililelewa, vikasomeshwa na kuozwa bila ya chombo hicho.

Pili, bei yake haishi siku ya kununuliwa. Tangu mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015, televisheni za kale zimehitaji king'amuzi. Viko ving'amuzi visivyotaka malipo ya mwezi, na viko vinavyolipiwa kila mwezi, na malipo yakikoma picha hukatika. Juu ya hayo kuna umeme. Televisheni yenye kula wati 100, ikiwashwa saa sita kila siku, hutumia yuniti 18 kwa mwezi wa siku 30. Kwa umeme huo zingewashwa taa kumi na moja za wati 9, kila moja kwa saa sita kila usiku.

Tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote: chombo hiki hufundisha kutaka. Matangazo ya biashara hayakuwekwa ila kwa ajili hiyo. Mtoto aliyekuwa akishiba kwa uji na mihogo husikia jina la kinywaji akakidai. Bibi wa nyumba huona pazia na makochi ya watu asiowajua, na vilivyomo ndani mwake vikapungua machoni mwake. Na mume huona gari. Hakuna aliyepungukiwa na kitu, lakini wote wamekuwa maskini katika usiku mmoja.

Anayeiacha basi hupata zaidi ya fedha. Hurudishiwa wakati kati ya Magharibi na Isha, uliokuwa wakati wa chuo na wa wazee kuzungumza na watoto. Walakini asiiache televisheni kisha akanunua bando la simu kila siku kwa kutazama yale yale. Huyo hakuziba tundu la mtungi. Amelihamisha upande wa pili.

VI. MUME AANZE NA NAFSI YAKE

Mwenye kutaka kupunguza na aanze kwa yale ayatumiayo peke yake: sigara, mirungi, soda na vitafunio vya barazani, malipo ya mpira, safari za pikipiki kwa masafa ya kutembea kwa mguu. Achukulie mfano wa shilingi 100 tu kwa siku. Kwa mwaka wa Kiislamu wa siku 354, hizo ni shilingi 35,400. Mtu huyo akiombwa shilingi elfu tano za madaftari ya mtoto husema hana, naye hasemi uwongo: hana kwa kuwa amekwisha kuzitoa, mia mia.

Akisha kuanza na nafsi yake, ndipo ashauriane na mkewe. Mke ni mchunga katika nyumba ya mumewe, naye ataulizwa juu ya uchunga wake, kama ilivyokuja katika hadithi ya Ibn Umar. Aghlabu yeye ndiye ajuaye kwamba mchele wa gunia ni rahisi kuliko wa kilo moja moja, na kwamba chakula kilichopikwa kwa fakhari ya Ramadhani nusu yake hutupwa. Mwezi wa kufunga haukuwekwa ili gharama ya kula izidi. Na Bwana Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne.

VII. NAMNA YA KUPANGA

Na anunue daftari, aandike kila kitokacho kwa mwezi mzima, hata kiwe kidogo. Kisha akigawe mafungu manne. La kwanza ni haki: nafaka, kodi ya nyumba, madeni, na zaka kwa aliyewajibikiwa. La pili ni haja: dawa, ada za watoto, nauli ya kazini. La tatu ni mapambo na starehe. La nne ni kilichopotea, ambacho mwenyewe hakumbuki kimempa faida gani. Akatapo, aanze la nne, kisha la tatu. La pili asiliguse ila kwa mashauri. La kwanza asilipunguze chini ya wajibu kabisa.

Kitakachobaki kisirudi katika starehe. Kilipe deni lililofika wakati wake. Kisha kiwekwe akiba ya chakula na ya siku ya maradhi, mahali pasipo riba. Kuweka akiba hakupunguzi tawakuli, kwani Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.). Naye alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba kuwaacha warithi wakiwa na wasaa ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Wala mtu asione haya kwa majirani kwamba nyumbani kwake hamna televisheni, au kwamba karamu yake ilikuwa ndogo. Haya yapasa kuonwa mbele ya mwenye duka asiyelipwa, na mbele ya mke anayedai mudi zake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tosheko, atulipie madeni yetu, na atukinge na israfu na ubakhili. Amin. Wallahu a'lam.