Supachaja kwenye gari la zamani la kuvuta tela: piga hesabu kabla hujatoa hela



Somo la leo limetoka inboksi. Ndugu yetu mmoja anauza vitanda na makabati mtandaoni. Karakana yake ipo Dar, ila wateja wake wengi wapo Iringa na Mbeya. Mzigo anaupeleka mwenyewe kwa Prado ya zamani, ile yenye injini ya petroli ya V6 lita 3.4, akivuta tela. Akaandika hivi:

"Kaka, nikifika Kitonga gari linatambaa kama kinyonga. Hata malori yananipita. Nimeona supachaja ya mtumba inauzwa mtandaoni. Nichukue? Hela ninayo, wateja wawili wameshanilipa oda."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya niandike. Hela ya oda si yako mpaka mzigo umfikie mteja. Ukiifunga kwenye injini halafu gari likafa njiani, umepoteza gari, mzigo na jina kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo twende taratibu.

Supachaja inafanya nini?

Injini inavuta hewa, inaichanganya na petroli, inachoma. Hewa ikiwa nyingi na petroli ikaongezwa sawasawa, nguvu inaongezeka. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Tabo nayo inasukuma hewa, ila inazungushwa na moshi wa ekzosi. Supachaja za aina ya Roots zinapendwa na wavuta tela kwa sababu zinaanza kusukuma mapema, hata injini ikiwa inazunguka polepole.

Si hadithi za mtaani. Kwa injini hiyo ya lita 3.4 (kodi yake 5VZ-FE), TRD, kitengo cha michezo cha Toyota, kiliwahi kuuza supachaja kwa magari ya soko la Marekani kama 4Runner na Tacoma. Nguvu ilipanda kutoka takriban 180 hadi karibu 250 za farasi. Nissan nao waliwahi kuuza Xterra yenye supachaja kutoka kiwandani.

Faida nyingine ni mwinuko. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyosukumiwa hewa inapoteza pale karibu 15% ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Supachaja inarudisha hiyo na kuzidi.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo? Subiri.

Hesabu ya 1: Mlima unadai nguvu kiasi gani?

Tuseme gari lina kilo 2,000 na tela na mzigo wake kilo 1,500. Jumla 3,500. Chukua mlima wa 10%, yaani kila mita 100 unapanda mita 10. Ukijumlisha uzito na ukinzani wa matairi, nguvu zinazotakiwa kwenye magurudumu ni hizi:

– Km 20 kwa saa: farasi 30 hivi
– Km 40 kwa saa: farasi 60 hivi
– Km 60 kwa saa: farasi 90 hivi
– Km 80 kwa saa: farasi 120 hivi, na hapo upepo haujahesabiwa

Sasa angalia injini. Ina farasi 180. Toa 15% ya mwinuko, toa na 20% inayoliwa na giaboksi na difu. Zinabaki kama 120 magurudumuni, injini ikizungushwa hadi juu.

Umeona? Injini nzima, bila supachaja, ina uwezo wa kupanda mlima huo kwa km 40 bila shida, na kwa 60 ikijitutumua. Gari likitambaa kwa km 20 maana yake ni moja kati ya mawili: injini inaumwa, au mzigo ni mkubwa kuliko unavyodhani. Na supachaja haitibu hata kimoja. Injini inayoumwa ukiisukumia hewa, unaisukumia kaburini.

Hesabu ya 2: Unanunua nini hasa?

Unanunua muda. Tuseme safari yako ina jumla ya km 60 za kupanda. Ukipanda kwa km 40 kwa saa, ni saa moja na nusu. Ukipanda kwa 60, ni saa moja. Umeokoa nusu saa.

Sasa weka gharama. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Supachaja, usafirishaji, ufundi na marekebisho: milioni 6. Faida yako kwa safari: 150,000. Hizo ni safari 40 unafanya kazi ya kuilipa supachaja. Na hiyo nusu saa kwa kila safari, je, inakuletea oda mpya? Kama mteja wako wa Mbeya anasubiri siku mbili, hatajua kwamba ulichelewa dakika 30.

Hesabu ya 3: Kushuka

Hii ndiyo inayoua watu, na ndiyo hakuna anayeniuliza inboksi.

Supachaja inakusaidia kupanda. Kushuka, breki ni zilezile. Gari na tela la tani 3.5 likishuka kimo cha mita 500, nishati inayotakiwa kumezwa inatosha kuchemsha karibu lita 50 za maji. Picha hiyo iweke kichwani: sufuria la shughuli, limechemka, na joto lote hilo linatafuta pa kwenda. Sehemu inamezwa na injini ukiwa gia ndogo. Iliyobaki inaingia kwenye breki. Zikipata moto kupita kiasi, unakanyaga na gari halishiki.

Na uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta umeandikwa kwenye kitabu chake. Watengenezaji waliupanga kwa kuangalia fremu, breki, giaboksi na upoozaji, si injini peke yake. Kufunga supachaja hakuongezi hata kilo moja kwenye kikomo hicho.

Anza na haya, mengi ni ya bei nafuu

1. Pima mzigo. Nenda mizani, usikadirie. Mbao ngumu ni nzito kuliko macho yanavyosema.

2. Pima afya ya injini. Fundi apime kompresheni ya silinda zote, aangalie plagi, filta ya hewa, pampu ya petroli, na ekzosi kama imeziba.

3. Angalia matairi. Umefunga ya inchi 33 badala ya yale ya kiwandani ya inchi 30 na nusu hivi? Umejinyima karibu 8% ya nguvu ya kuvuta. Rudisha ya kiwandani, nguvu imerudi.

4. Linda giaboksi. Ukiwa na tela mlimani, zima ovadraivu na ushike gia ndogo mapema. Gari nyingi za rika hili oili ya giaboksi ya otomatiki inapoozwa ndani ya rejeta ya maji. Rejeta ikitoboka ndani, maji na oili vinachanganyika, unapata uji wa rangi ya waridi, na giaboksi kwaheri. Rejeta mpya pamoja na kipoozeo cha pembeni cha oili ni hela iliyotumika vizuri.

5. Breki za tela. Tela la uzito huu liwe na breki zake. Usitegemee za gari peke yake.

6. Panga mzigo. Vizito viwe karibu na ekseli, vikielemea mbele kidogo, ili kama 10% ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano. Ukielemeza nyuma, tela litaanza kuyumba ukishika kasi.

Bado unaitaka? Sawa, ila kwa masharti

Kuna mtu inamfaa: injini yake nzima, tela lipo ndani ya kikomo, anavuta kila wiki kwenye nyanda za juu, na mtaji ni wake. Huyo azingatie haya:

– Hakikisha seti ni ya kodi ya injini yako, na imekamilika: manifoldi, puli, mkanda, vishikizo. Seti ya gari la usukani wa kushoto usidhani itaingia tu kwenye lako.

– Omba video. Izungushwe kwa mkono: iende laini, isikwaruze, isicheze. Iulizie na oili yake ya ndani.

– Hewa ikiongezeka lazima petroli iongezeke. Mchanganyiko ukiwa na petroli pungufu, injini inagonga na pistoni zinatoboka. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kupima mchanganyiko huo gari likiwa limebeba mzigo, mlimani. Anayesema "nitasikiliza kwa sikio", mshukuru na uondoke.

– Hewa ikibanwa inapata joto. Tumia petroli ya okteni ya juu, na uhakikishe upoozaji wa injini upo sawa kabla ya kufunga chochote.

– Waambie kampuni ya bima kwa maandishi. Marekebisho uliyoyaficha yanaweza kukunyima fidia siku ya ajali.

Na wewe unayeuza spea mtandaoni, hayo hapo juu ndiyo maswali ya mteja wako. Yajibu kwenye tangazo lenyewe: kodi ya injini, magari inayoingia, kilichomo na kisichomo, video ikizungushwa. Utajibu meseji chache na utarudishiwa mizigo michache.

Nilimjibu nini yule ndugu?

Nilimwambia apeleke zile oda mbili kwanza, kwa lori la mizigo, gharama aigawe kwenye bei. Halafu apime tela lake. Alirudi na jibu: kumbe vitanda vya mninga na kabati vilikuwa vimelifikisha tela kilo 2,100, yeye akidhani ni 1,200. Na filta ya hewa ilikuwa haijaguswa tangu anunue gari.

Supachaja bado anaitamani. Hilo si kosa. Ila sasa anajua kilichokuwa kinamchelewesha Kitonga, na hela za wateja zimefika salama.

Swali la leo: mzigo wako wa mwisho ulikuwa na kilo ngapi? Nataka namba ya mizani, siyo ya kukadiria. Andika hapo chini, tupige hesabu pamoja.