Mbegu ya Nyanya Ichague Shambani, Si Jikoni

Wengi wakitaka mbegu huinamia kapu la nyanya na kuchagua tunda lililo kubwa kuliko yote. Lakini tunda nono laweza kuwa limetoka kwenye mche uliozaa mara moja ukanyauka. Nenda shambani nyanya zingali zinazaa. Tafuta miche iliyostahimili mvua kubwa za Agosti bila majani kuungua kwa ugonjwa wa baka, ambayo bado imebeba matunda, uifunge kitambaa chekundu watoto wasije wakaichuma. Mmoja hautoshi, mitano ni afadhali.

Ujue pia unachozalisha. Mbegu za zamani kama Money Maker hufuata mzazi, kwa kuwa ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Pakiti ikiandikwa F1, hiyo ni chotara: mbegu za matunda yake zitaota, ila kila mche utakuja na tabia yake. Nyanya ya sokoni Arua, huku kwetu West Nile, huwezi kujua ni ipi, basi iache iingie sufuriani. Mimi ningeanza na zile ndogo zinazojiotea zenyewe nyuma ya jiko. Hazina sura ya kuuzia, lakini ni ngumu.

Acha tunda liive hadi lilainike. Kamulia mbegu na majimaji yake kikombeni, funika kwa kitambaa, weka kivulini. Kwa joto la kwetu siku mbili zinatosha. Ukizidisha, mbegu zitaanza kuchipua humo humo. Utando mweupe na harufu kali visikutishe: ule ute unaozuia mbegu kuota ndio unaooza. Ongeza maji, koroga. Mbegu nzima huzama, mapepe huelea, yamwage. Osha zilizobaki, anika kwenye sahani kivulini. Usitumie karatasi, zitaganda. Zikikauka kabisa, tia kwenye chupa kavu, andika jina na mwaka. Mahali pakavu pasipo joto zitakaa hata miaka minne.

Kitalu kiwe wapi? West Nile imelima tumbaku miaka mingi, na tumbaku ni ukoo mmoja na nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo. Magonjwa yao ni ya pamoja. Penye shamba la tumbaku la juzi, epuka. Penye mahindi au maharage, karibu. Na mvutaji sigara anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana virusi vya batobato husafiri mikononi.

Arua na Koboko, sia katikati ya Septemba. Baada ya wiki nne hamisha miche jioni, sentimita 60 kati ya mmoja na mwingine, simika vijiti vya kuegemeza mapema. Matunda yataiva mvua zikiwa zimeondoka, baka likiwa limepungua nguvu, ila lazima maji yawe karibu. Tandaza nyasi kavu na umwagilie shinani, majani yabaki makavu.

Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, usikimbilie dawa. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria: ng'oa mche, uchome, na mahali hapo panda mahindi.