Kuvuta Shingo na Mgongo kwa Kamba na Uzito

Pengine umeona katika chumba cha hospitali mgonjwa amelala chali, mkanda wa kitambaa umefungwa chini ya kidevu chake na nyuma ya kichwa, na kamba inapita juu ya gurudumu dogo. Mwisho wa kamba unaning'inia mfuko wa mchanga. Watu wakiisha kuona jambo hilo husema, "Mgongo wangu nao unaniuma, nami nivutwe." Wengine hawangoji hospitali. Humwita kijana mwenye nguvu awavute kichwa, ao hujitundika kwenye boriti la nyumba. Kwa hiyo inafaa ujue kamba ile inamsaidia nani, na inaweza kumwumiza nani.

Kwanza ufahamu namna mgongo ulivyojengwa. Shingo ina mifupa 7, nyuma ya kifua kuna 12, na kiunoni kuna 5. Karibu kila mfupa umetengwa na mwenzake kwa kitu laini, kama mto mdogo, ili isisagane. Katikati ya mifupa hiyo inapita kamba nene ya fahamu inayotoka katika ubongo, na matawi yake yanatoka kando kwenda mikononi na miguuni. Mto mdogo ukifura ao ukitoka mahali pake, unaweza kukandamiza tawi moja. Ndipo maumivu ya shingo hushuka mkononi mpaka vidole vife ganzi, na maumivu ya kiuno hushuka mguuni mpaka wayo. Kuvuta ni kujaribu kuachanisha mifupa kidogo sana, ili tawi lile lipate nafasi.

Kazi hii ni ya kale. Hippocrates, munganga wa Ugiriki aliyeishi miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, aliandika juu ya waganga waliomfunga mwenye kibiongo kwenye ngazi, wakaiinua juu na kuiangusha. Yeye mwenyewe alisema hakujua mtu hata mmoja aliyenyoshwa kwa njia hiyo, na kwamba waliopenda kuifanya ni wale waliotaka kushangaza watu wengi. Neno lake lingefaa hata leo. Kamba na uzito hupendeza macho, na mgonjwa huona kwamba ametendewa jambo kubwa.

Tuseme basi juu ya shingo. Mtu ambaye maumivu yake yanashuka mkononi anaweza kupata nafuu akivutwa polepole, na zaidi kama anafanya pia mazoezi. Anayefanya kazi hiyo ni mtu aliyejifunza, yule ambaye hospitalini huitwa kine. Humlaza mgonjwa, kichwa kikiinama mbele kidogo, akaanza na uzito mdogo, labda kilo 3 ao 4, kwa dakika chache. Humwuliza mara kwa mara anasikia nini. Maumivu ya mkono yakizidi, ao kizunguzungu kikija, huacha mara moja. Unaona ya kuwa si nguvu inayoponya. Anayekushika kichwa na kukivuta kwa ghafula mpaka mifupa ilie, yeye hafanyi kazi hii, hata kama anaiita kwa jina lake.

Mgongo wa chini ni jambo lingine. Zamani, katika miaka ya 1950 na 1960, wagonjwa wengi walilazwa majuma mazima na uzito umefungwa kiunoni. Mwaka 2013 wachunguzi walikusanya majaribio 32, yenye watu zaidi ya 2,700 wenye maumivu ya kiuno. Waliovutwa hawakupona vizuri kuliko wasiovutwa. Tangu 2016 waganga wa Uingereza wameshauriwa wasitumie tena njia hii kwa kiuno. Kwa hiyo munganga akikataa kukufunga kamba kiunoni, usidhani amekunyima dawa ao anangoja zawadi. Kulala siku nyingi kunadhoofisha misuli ile ile inayoshika mgongo. Utembee kila siku kadiri unavyoweza. Ulale chali, magoti yamekunjwa, uyavute kifuani moja moja. Wengi wenye maumivu yanayoshuka mguuni hupata nafuu katika majuma 6 mpaka 12, bila kamba na bila kisu.

Lakini ukirudi shambani na kubeba mzigo ule ule, maumivu yatarudi. Mama anayebeba muhogo kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kichwa chake kinavutwa nyuma njia yote, na shingo yake inashindana nao. Heri mizigo miwili midogo kuliko mmoja mkubwa. Na mwanaume anayetembea mbele ya mke wake akishika panga tu, asomewe ukurasa huu.

Sasa sikiliza vizuri. Wako watu ambao hawafai kuvutwa hata kidogo. Kifua kikuu hakishiki mapafu tu. Kinaweza kula mifupa ya mgongo. Ukiona mtu, hata mtoto, mgongo unamwuma miezi mingi, usiku nao pia, ana homa za jioni, anakonda, na mfupa mmoja unaanza kutokea nje kama kinundu, usimkande wala usimnyoshe. Mifupa iliyoliwa inaweza kuvunjika na kukandamiza kamba ya fahamu. Alete makohozi kama anakohoa, apigwe picha ya radio, aanze vidonge na kuvimaliza. Ugonjwa huo una dawa. Vilevile wasivutwe wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi, wenye kansa, na mama mwenye mimba asivutwe kiuno. Na mtu ambaye miguu inalegea, ao hasikii kitu katikati ya mapaja, ao mkojo umefungwa ao unatoka wenyewe, aje hospitali siku ile ile. Asingoje soko lipite. Miguu iliyokandamizwa kwa muda mrefu haiamki tena kwa urahisi.

Tena kuna aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi. Watu wanakimbia, mmoja anamkalisha, mwingine anamvuta kichwa ili "kurudisha shingo." Msifanye hivyo. Hospitali nyingine huvuta shingo iliyovunjika, lakini baada ya picha, na chini ya macho ya waganga. Ninyi kijijini mwacheni alale kama mlivyomkuta. Mmoja apige magoti upande wa kichwa, akishike kwa mikono miwili kisigeuke. Kama anatapika, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, kama mnavyobiringisha gogo. Leteni mlango ao ubao mrefu. Watu wanne ao zaidi wamwinue kwa neno moja, yule wa kichwani ndiye anayetoa neno. Kunjeni vitambaa viwili vinene, mviweke huku na huku kwa masikio, mkamfunge paji la uso pamoja na ubao. Asibebwe mgongoni, wala asiketishwe kwenye pikipiki.