Somo la Mwezi: Kisiki Kilichomo Malishoni



Mwezi huu sisi wa Ugogo tujifunze jambo kwa jirani zetu Wasukuma. Jambo hilo ni ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi na miti ipate kukua. Likafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali.

Desturi hiyo ni ya zamani. Lakini miti ya Shinyanga ilifyekwa ili kumwondoa mbung'o, kisha ikafyekwa kwa ajili ya pamba, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 ngitili nyingi ziliachwa. Shinyanga ikaitwa Jangwa la Tanzania.

Hapa sisi walimu wastaafu hatuna budi kukiri kosa letu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, tukifundisha chuo cha ualimu, tuliwatoa wanachuo na majembe wang'oe visiki vya migunga katika malisho ya chuo, tukapanda mikaratusi kwa mistari iliyonyooka. Tuliionea fahari sana ile mistari! Kiangazi cha pili zaidi ya nusu ilikauka, na mbuzi wakakosa maganda ya mgunga waliyozoea kuyaokota. Visiki tulivyovichoma jikoni vilikuwa na mizizi iliyokwisha kwenda chini sana.

Hata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanzishwa mwaka 1986, mwanzoni ulitilia mkazo vitalu vya miche, mingi ya kigeni. Baadaye ukaigeukia ngitili, na mikutano ya jadi ikasimamia sheria zake. Mwaka 1986 zilijulikana hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya 300,000. Ndege walirudi, watafiti walihesabu aina 145.

Je, mti hupata wapi uzito wake? Wanafunzi wetu walijibu, "Udongoni." Sivyo. Jani huvuta hewa ya ukaa, na karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni iliyotoka hewani. Tukichoma, hurudi huko. Mti ukisimama, hukaa. Ndiyo maana siku hizi dunia nzima yataka miti, ingawa mfugaji hutazama kwanza kivuli na majani.

Kazi yenyewe si ngumu. Kisiki kikichipua, chagua machipukizi matatu au manne yenye nguvu, kata mengine, punguza matawi ya chini, uzuie mbuzi. Pasipo kisiki, panda mbegu za mgunga mvua zikianza. Zile zilizopita tumboni mwa mbuzi huota upesi zaidi.

Halmashauri ya Parishi itajadili kulima kile kiwanja cha malisho kilicho nyuma ya kanisa. Tumekizungukia asubuhi moja, tukahesabu visiki hai 43. Kabla trekta halijaitwa, tunaomba kila mjumbe aende akavitazame.