Dondoo Muhimu: Kueneza Wi-Fi Bustanini Pasi na Kuharibu Mandhari
Aendaye Magic Kingdom huko Florida, bustani ya burudani ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1971, huenda kutazama kasri na gwaride, wala si antena. Kwa hiyo aliyepewa dhamana ya kueneza Wi-Fi mahali pa namna hiyo, kabla ya kununua hata kifaa kimoja, na aizunguke bustani siku ya msongamano, kwani miili ya wanadamu, ambayo aghalabu ni maji, hufyonza mawimbi, na vipimo vya uwanja mtupu humhadaa mpimaji.

Kifaa na kisitiriwe ndani ya mwamba wa bandia wa plastiki au nyuma ya ubao, lakini abadan kisifunikwe kwa bati wala kupakwa rangi yenye chembe za madini. Disney wana rangi yao ya kijani hafifu ipumbazayo macho, nayo yastahili kuigwa.

Waya wa shaba uendao kwenye kifaa usizidi mita 100. Zaidi ya hapo, tandaza faiba.

Penye foleni, ambapo kila mtu hutoa simu yake, vifaa vingi vya nguvu ndogo, vya masafa ya gigahezi 5, ni bora kuliko kimoja chenye nguvu nyingi. Na kila kificho kiachiwe kilango, fundi apate kukifikia usiku wageni wakiisha kuondoka.