Kabla Hujanyoosha Mkono Mnadani

Nyumba zinazouzwa na benki Dar es Salaam mara nyingi hunadiwa palepale zilipo. Dalali anasimama barazani, majirani wamejipanga ukutani, na ndani ya nyumba bado kuna watu: mwenye nyumba, mkewe, wakati mwingine na mama mkwe anayeumwa. Bei inavutia kwa sababu bati zimeoza, madirisha hayana vioo, na kila aliyefika anajua kwamba benki inataka fedha zake. Mtaa wa pili kuna nyumba ya ukubwa uleule, imepakwa rangi mpya, marumaru zinang'aa, na bei yake inaizidi ile ya mnada kwa mamilioni.

Wanunuzi wengi huishia kujumlisha bei ya mnada na gharama za fundi, kisha wakalinganisha na bei ya nyumba iliyokarabatiwa. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila inaacha nje mambo mazito. Ubovu wa nyumba ya mnada unauona kwa macho; kinachojificha ni mgogoro. Kwa nyumba iliyokarabatiwa, muuzaji anaweza kuwa na karatasi safi kabisa, na ubovu ukawa umelala chini ya rangi.

Tuanze na mgogoro, maana ndio unaoumiza zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya 2008, inaitaka benki impe mkopaji notisi ya siku 60 kabla ya kuuza nyumba aliyoiweka rehani. Sheria ya Madalali nayo inataka mnada wa ardhi utangazwe siku zisizopungua 14 kabla. Kama ni nyumba ya familia, mume au mke wa mkopaji alipaswa kuridhia rehani tangu siku ya kwanza. Kasoro katika mambo haya matatu ndizo zinazopelekwa mahakamani mara kwa mara: notisi haikufika, tangazo lilibandikwa juzi, mke hakusaini.

Sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na mkopaji aliyeonewa anaelekezwa kuidai fidia benki. Lakini ulinzi huo haukupi funguo. Mwenye nyumba akigoma kutoka, au akipata amri ya zuio, unaweza kukaa miaka ukilipa kodi ya pango kwingine huku fedha zako zimeshaingia benki. Kwa hiyo usisubiri siku ya mnada. Omba benki au dalali akuoneshe nakala ya notisi na uthibitisho kwamba ilipokelewa, mkataba wa rehani wenye ridhaa ya mwenzi, na hati yenyewe. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna pingamizi limesajiliwa. Muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama anajua kesi yoyote. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulionea haya: nenda kabishe hodi. Zungumza na anayeishi humo, kwa heshima, kabla nyundo haijagonga. Anaweza kukufukuza, na anaweza kukuonesha karatasi za kesi ambazo dalali hakuzitaja. Huyu ni mtu anayepoteza kwake. Kumsikiliza ni utu, na ni kinga yako pia.

Halafu kuna kasi ya malipo. Masharti ya minada mara nyingi hudai asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14, na ukishindwa, amana inapotea. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi milioni 60: siku hiyohiyo unatoa milioni 15, kisha una wiki mbili za kutafuta milioni 45. Mkopo wa nyumba ni vigumu kukamilika kwa muda huo, hivyo mnada ni wa mwenye fedha mkononi. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia 1, wakili, malimbikizo ya kodi ya ardhi, madeni ya maji, na ukarabati wenyewe. Kwa nyumba iliyotelekezwa, mimi nisingenyoosha mkono bila kuwa na akiba ya theluthi ya bei, mbali na bei yenyewe. Paa likishafunguliwa, mbao za kenchi zilizoliwa na mchwa hazingoji mshahara wa mwezi ujao.

Nyumba ya mnada ina faida moja isiyosemwa sana. Benki ilipoipokea kama dhamana, wanasheria wake waliikagua hati na mthamini aliitembelea. Nyumba nyingi nzuri zilizokarabatiwa katika maeneo yasiyopimwa zinauzwa kwa karatasi za serikali ya mtaa tu.

Tukija kwenye nyumba hiyo yenye rangi mpya, swali la kwanza liwe: imepakwa lini, na kwa nini sasa? Ukuta unaotoa chumvi, tatizo la kawaida ukanda wa pwani, ukipigwa plasta na rangi unakaa kimya kwa miezi kadhaa tu. Kwa hiyo kama unaweza kusubiri, iangalie nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, siku moja baada ya mvua kubwa. Pitisha kiganja sehemu ya chini ya kuta za ndani. Gonga marumaru kwa sarafu. Zinazolia kama debe tupu hazijashika saruji. Panda darini na tochi. Ufa mwembamba wa plasta usikutishe, lakini ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, au unaoanzia kwenye kona ya dirisha, unataka mhandisi. Omba namba ya mita ya LUKU ununue umeme kidogo: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na deni likiwapo utaliona kwenye makato.

Na muulize jirani kama nyumba iliwahi kuwekwa alama ya X. Mwaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyingine zilikuwa nzuri kweli. Rangi mpya inafuta X ukutani, lakini haiiondoi nyumba kwenye hifadhi ya barabara wala kwenye bonde la mto. Ramani ya mipango miji iko halmashauri, iombe.

Mwenye familia anayehama pango moja kwenda jingine, mwenye akiba moja na mkopo, namshauri achukue nyumba iliyokamilika baada ya ukaguzi huu, hata kama ni ndogo kuliko aliyoiota. Mwenye fedha taslimu, pa kulala kwingine, na fundi anayemwamini, anaweza kwenda mnadani. Huyo naye asilipe salio kabla wakili wake hajaandikiana na benki ni nani atakayeikabidhi nyumba ikiwa tupu, na tarehe gani.