Safari Ndefu na Mtoto Mdogo: Kijitabu kwa Wazazi na Walezi wa Nyamongo

Kijitabu hiki ni cha nani

Nyamongo ni mahali pa watu wanaosafiri. Mgodi wa North Mara na uchimbaji mdogo wa dhahabu vimeleta watu wa mikoa mingi, na wenyeji nao wana ndugu Mwanza, Arusha, Dodoma na Dar es Salaam. Shule zikifungwa mwezi Desemba, mizigo hufungwa na watoto hubebwa kwenda kuonana na bibi na babu. Kijitabu hiki ni cha mama, baba, bibi, shangazi au dada anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 5, awe anatoka Matongo, Kewanja, Nyangoto, Kerende au ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti.

Ujumbe wetu mkuu ni huu: safari hupangwa kwa uwezo wa mtoto mdogo kuliko wote, si kwa haraka ya mkubwa. Mtu mzima anaweza kuvumilia siku nzima na usiku kucha kitini. Mtoto wa miezi 8 hawezi. Hupungukiwa maji mwilini upesi kuliko mkubwa, hushindwa kuhimili joto na baridi, na hana maneno ya kusema kwamba anaumwa. Ukishakubali jambo hilo, maamuzi mengine yote huwa mepesi.

1. Gawanya safari

Kutoka Nyamongo hadi Dar es Salaam kupitia Mwanza, Shinyanga, Singida na Dodoma ni takriban kilomita 1,400. Tangu mwaka 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri saa 24, hivyo inawezekana kwenda moja kwa moja bila kulala njiani. Kwa familia yenye mtoto mdogo hatushauri hivyo. Usiku dereva huchoka na haoni mbali, na mtoto akizidiwa saa 8 usiku katikati ya vituo viwili, msaada uko mbali.

Mgawanyo mmoja unaofaa ni huu:

- Siku ya 1: Nyamongo, Tarime, Bunda, Mwanza. Ondokeni saa 12 asubuhi. Mabasi ya upande wa Mara hushusha abiria stendi ya Nyamhongolo, na ya kwenda Shinyanga na kuendelea huondokea Nyegezi. Kuvuka jiji na mtoto aliyechoka ili kuunganisha basi jioni hiyohiyo ni mateso. Laleni Mwanza.
- Siku ya 2: Mwanza, Shinyanga, Nzega, Singida. Hii ni siku ndefu, zaidi ya kilomita 400. Jitahidini kuimaliza kabla ya giza.
- Siku ya 3: Singida hadi Dodoma. Ni safari fupi. Mtoto apate mchana wa kulala, kuoga na kucheza chini.
- Siku ya 4: Dodoma hadi Dar es Salaam. Treni ya umeme ya SGR imekuwa ikifanya safari hii tangu mwaka 2024, kwa muda mfupi kuliko basi. Ina choo, na mtoto anaweza kusimama na kutembea kidogo. Aliye chini ya miaka 4 husafiri bila kulipa, na wa miaka 4 hadi 12 hulipiwa nusu nauli. Kumbuka kwamba kituo cha SGR na stendi ya mabasi ya Nanenane haviko pamoja. Tengeni muda na nauli ya kutoka kimoja kwenda kingine.

Ndiyo, kulala njiani kuna gharama. Piga hesabu ya nyumba za wageni mapema, wiki kadhaa kabla, na kama fedha haitoshi kwa vituo vyote, usiache kituo cha Mwanza wala cha Dodoma.

2. Wanaokwenda Arusha kupitia Serengeti

Njia ya Mugumu, Serengeti na Ngorongoro ni fupi kwa wanaokwenda Arusha na Kilimanjaro, lakini ina masharti yake.

- Mageti ya hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mkichelewa, mtalala nje ya geti.
- Ndani ya hifadhi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na hairuhusiwi kushuka popote isipokuwa maeneo yaliyotengwa. Mtoto anayejifunza kuacha nepi avalishwe nepi siku hiyo, au chukueni poti ya kutumia ndani ya gari.
- Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio. Wakubwa hulipa, Serengeti na Ngorongoro pia, juu ya nauli. Ulizeni utaratibu wa malipo kabla ya siku ya safari.
- Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, huvutwa na nguo za rangi ya buluu na nyeusi. Mvalisheni mtoto mikono mirefu ya rangi ya kaki au kijani kilichopauka.
- Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyetoka jasho Seronera atatetemeka hapo. Sweta, soksi na kofia viwe karibu na mkono, visiwe kwenye buti.

Hata wanaokwenda Mwanza na kupita Lamadi wakumbuke kwamba hifadhi inafika karibu na barabara kuu pale Ndabaka. Msisimame hapo ili mtoto ajisaidie vichakani, na fungeni vioo mnapoona nyani.

3. Wiki mbili kabla ya safari

Nendeni kliniki. Chukueni kadi ya mtoto na muulize kama kuna chanjo aliyoikosa au inayokaribia. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua na rubela katika mwezi wa 9 na wa 18, husahaulika kwa urahisi familia inapohamahama. Kadi hiyo msafiri nayo. Kituo chochote cha afya nchini kitaisoma.

Mtoto mwenye selimundu aonwe na mhudumu wake kabla ya kuondoka. Ugonjwa huu ni mwingi Kanda ya Ziwa, na mambo yanayoamsha maumivu yake ni yaleyale ya safarini: kukosa maji, baridi na uchovu. Asipungukiwe dawa zake hata siku moja.

Andaeni karatasi. Cheti cha kuzaliwa au nakala yake, kadi ya kliniki, na kadi ya bima kama ipo. Kama mtoto anasafiri na mtu asiye mzazi wake, mzazi achukue barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ikiwa na jina la mtoto, la anayempeleka na la atakayempokea. Barua hiyo humlinda mtoto, na humlinda pia mlezi.

4. Kutoka nyumbani hadi stendi

Wengi hujiandaa kwa safari ya basi na kusahau kipande cha kwanza, kutoka Nyamongo hadi Tarime. Hapo ndipo mama hupanda bodaboda akiwa na mtoto mgongoni, mwingine katikati na begi mbele ya dereva. Kanuni za usafiri wa pikipiki haziruhusu kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, na sababu iko wazi: pikipiki ikiteleza kwenye changarawe, mtoto hana chochote cha kumkinga.

Kodini gari dogo, hata kama ni kwa kuchangia na familia nyingine inayosafiri siku hiyo. Mkipanda mchomoko, kubalianeni na dereva idadi ya watu kabla ya kuingia. Gari la watu watano likibeba wanane, mtoto ndiye hugandamizwa. Mnapopita penye vumbi, mfunikeni pua kwa khanga nyepesi na mwone uso wake wakati wote.

5. Kukaa salama ndani ya gari

Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 hurushwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika.

- Kwenye gari binafsi, tumieni kiti maalumu cha mtoto, kikifungwa kiti cha nyuma. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiti kilichofungwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa takriban asilimia 70. Vinapatikana pia vilivyotumika, lakini msinunue kilichopasuka au kilichowahi kuwa kwenye ajali. Kwa mtoto mchanga, kiti kitazame nyuma ya gari, na kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofumka wakati wa ajali.
- Kwenye basi, mkatieni mtoto kiti chake kama uwezo upo. Ombeni viti vya katikati ya basi, mbali na mlango. Anayempakata mtoto afunge mkanda mwilini mwake peke yake. Mkanda ukiwazunguka wote wawili, mzazi atamkandamiza mtoto. Mbeleko iliyofungwa kifuani humsaidia asianguke basi linapofunga breki, ingawa haichukui nafasi ya kiti maalumu.
- Mwendo wa basi usizidi kilomita 80 kwa saa, na katika maeneo ya makazi kilomita 50. Dereva akizidisha, semeni. Abiria wakisema pamoja, dereva husikia. Asiposikia, pigeni simu polisi au LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.
- Kila baada ya saa 2, wenye gari binafsi wasimame mahali salama dakika 15. Mtoto anyooshwe, anyonye, abadilishwe nepi. Mtoto mchanga asikae kwenye kiti maalumu zaidi ya saa 2 mfululizo.
- Msimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa kununua maji. Juani, joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 katika dakika 10.

6. Kula na kunywa

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe maziwa ya mama tu, hata kwenye joto la Shinyanga. Hahitaji maji, anyonye mara nyingi zaidi. Anayemnyonyesha ndiye anapaswa kunywa maji ya kutosha, na wanaosafiri naye wampe nafasi na khanga ya kujisitiri.

Kwa aliyezidi miezi 6, bebeni uji wa ulezi wa moto kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, na mmimine unaotosha kwa mara moja. Uliobaki kikombeni umwagwe. Ndizi mbivu za Tarime ni chakula bora cha njiani: zina ganda lake na hazihitaji kisu. Viazi vilivyochemshwa na chapati visafiri asubuhi na viishe kabla ya mchana. Nyama na mayai ya dirishani msimpe mtoto. Karanga na pipi ngumu zisipewe mtoto wa chini ya miaka 5, kwa sababu basi likirushwa na tuta zinaweza kumpalia.

Bebeni maji yaliyochemshwa nyumbani, na sabuni ya kunawia. Mikono ioshwe kabla ya kumlisha na baada ya kila nepi.

7. Mtoto akiugua njiani

Kuharisha. Changanyeni pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama. Wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole; mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Mchanganyiko huo utumike ndani ya saa 24. Vidonge vya zinki viendelee siku 10 hadi 14 hata akipona mapema.

Kutapika kwa mwendo. Apate hewa, ale kidogo kidogo. Msimpe dawa ya kichefuchefu ya mkubwa. Promethazine haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kumzuia kupumua. Vilevile, Piriton si dawa ya kumlaza mtoto ili abiria wapumzike.

Homa. Mara ni mkoa wenye malaria, na vimelea huweza kukaa mwilini siku nyingi kabla ya homa kutokea. Mtoto akipata homa, hata wiki mbili baada ya kufika Arusha au Dar es Salaam, apimwe ndani ya saa 24, na mhudumu aambiwe: tumetoka Mara. Neno hilo moja huokoa muda.

Shukeni na mwende hospitali mara moja ikiwa mtoto:

- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea au haamki;
- anapumua kwa haraka, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi.

Andikeni hospitali za njiani kwenye karatasi: Tarime, Kwangwa mjini Musoma, Bugando jijini Mwanza, hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Singida, Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Kwa njia ya Serengeti: Mugumu, kisha Karatu. Msisite kushuka: nauli iliyopotea hulipwa tena.

8. Stendi na mahali pa kulala

Stendini, mtu mmoja ashughulikie mizigo na mwingine watoto tu. Ukiwa peke yako, mtoto kwanza, begi baadaye. Andika namba yako ya simu kwenye kitambaa na uishonee ndani ya nguo yake. Usiandike jina lake mahali linapoonekana, mtu mbaya asije akamwita kwa jina.

Katika nyumba ya wageni, ulizeni chandarua kabla ya kulipa, au bebeni chenu chenye dawa. Angalieni matundu.

Mfuko wa mkononi: hakikisheni vimo

- Kadi ya kliniki na karatasi nyingine
- ORS, zinki, na paracetamol ya maji yenye kipimo alichoandika mhudumu kulingana na uzito wa mtoto
- Nepi za siku moja na nusu, na mifuko ya kuwekea zilizochafuka
- Nguo mbili za kubadilisha, sweta, khanga mbili, mbeleko
- Maji, uji, ndizi, kikombe na kijiko
- Sabuni, chandarua, tochi, simu yenye chaji

Namba za bure za msaada

- 112: Polisi
- 114: Zimamoto na Uokoaji
- 115: m-mama, kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga
- 116: Simu ya Mtoto, kwa mtoto aliyepotea au anayefanyiwa ukatili

Kaeni chini leo, baba na mama pamoja na yeyote atakayesafiri, mtaje mtoto mdogo kuliko wote kwa jina, kisha mpange siku, vituo na fedha kwa kumwangalia yeye. Bibi atangoja siku moja zaidi bila kinyongo, akijua wajukuu wako njiani wazima.